Tazama Jani Kabla ya Tunda

Chumba chetu cha mbele kina kazi mbili. Upande wa dirisha ni cherehani yangu. Upande wa mlango ni meza ya mume wangu, fundi saa. Ukutani kuna saa za watu, kumi na saba au kumi na nane, na kila moja inasema lake. Mteja akiuliza saa ngapi, mume wangu humjibu, "Chagua unayoipenda."

Tuna watoto wawili, wote wa kike. Wa kwanza ana miaka kumi na miwili. Tunamwita Dada, hata mimi mama yake. Wa pili alikuwa na miaka sita wakati wa jambo hili. Tunamwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haupumziki. Huongea akila, huongea akioga. Baba yake anasema huongea hata usingizini, ila sauti ndiyo hupungua.

Nyuma ya nyumba kuna tuta la reli ya zamani. Treni haijapita hapo tangu mimi ni msichana. Vyuma viliondolewa zamani. Ulibaki udongo ulioinuka, mrefu, umejikunja kama mtu aliyelala ubavu. Juu yake vimeota vichaka vya miiba. Kila mwaka, msimu wa ukungu unapokaribia kwisha, vichaka hivyo huzaa beri.

Asubuhi za msimu huo ni kama ndoto. Ukungu unashuka mpaka huoni viatu vyako. Mtu aliye hatua tano mbele yako anakuwa kivuli, akisogea kidogo anakuwa sauti tu. Unasikia tunda likidondoka kwenye ndoo. Unasikia mtoto anacheka mahali fulani, hujui ni mbele au nyuma. Mimi nilikuwa nikipenda sana asubuhi hizo. Nilikuwa nikirudi nyumbani na nywele zimelowa, kama nimetoka nchi nyingine.

Kwa kuwa hatukuona vizuri, tulichuma kwa mikono zaidi kuliko macho. Niliwafundisha watoto kama mama yangu alivyonifundisha mimi. Ingiza mkono taratibu kwenye kichaka. Ukichomwa, umefika. Kisha chuma kilicho cheusi, acha chekundu, hakijaiva. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yetu yote: mwiba na weusi. Nyumba nzima tulikuwa tukisema hivyo kwa utani. Mume wangu akijichoma na bisibisi mezani, Chiriku alikuwa akimwambia, "Umefika, baba."

Jirani yetu wa ukuta mmoja ni mama mstaafu. Mtaa mzima unamwita Mama Majani. Kwa miaka thelathini alifanya kazi kwenye nyumba ya kuhifadhi mimea iliyokaushwa. Alikuwa akipokea tawi, akilibana kati ya magazeti mpaka likauke, kisha akilishona kwenye karatasi nene kwa sindano na uzi. Pembeni aliandika jina la mmea na mahali ulipotoka. Kwa sababu ya sindano hiyo tulielewana tangu mwanzo.

Mwaka mmoja alichungulia ndoo yetu na kuniuliza, "Mwanangu, huwa mnaangalia nini kabla ya kuchuma?"

"Nyoka," nikamjibu.

Akacheka. "Na baada ya nyoka?"

"Baada ya nyoka tunachuma, mama."

"Siku ukipata nafasi uje nikuonyeshe kitu. Hakichukui muda."

Nikamwambia nitakuja. Sikwenda. Kila siku nilikuwa na nguo ya mtu mkononi, na beri nilizijua tangu utoto. Niliona nitafundishwa nini tena.

Jumamosi ya jambo hili sikwenda kuchuma. Nilikuwa na sare za shule arobaini za kumaliza. Mume wangu alikuwa amepeleka saa ya mteja. Nikawatuma watoto peke yao. Nikamwambia Dada, "Mshike mdogo wako." Dada akaniambia, "Mama, nitachumaje nikimshika?" Nikasema, "Basi usimpoteze."

Ukungu ulikuwa mzito. Dada alikuja kunieleza baadaye walivyofanya. Alimwambia Chiriku asiache kuongea, ili ajue alipo. Chiriku akaongea kweli. Aliongea habari za mwalimu wake, habari za paka, habari za jino linalotikisika. Sauti ikawa inasogea kwenye ukungu, ikienda upande wa pili wa tuta. Mara ikanyamaza. Dada akaita. Chiriku akajibu, na mdomo umejaa, "Nimechomwa. Nimefika."

Dada akatulia. Mtoto amechomwa, amefika. Angehofu nini?

Walirudi saa tatu. Nikamimina ndoo ya Dada kwenye sufuria. Nikachukua kikombe cha bati cha Chiriku, nacho nikakimimina juu yake. Mkono mmoja ulikuwa umeshika kikombe na jicho langu lilikuwa kwenye pindo la sketi. Chiriku akasema, "Niachie kidogo." Nikamwachia kiganja kimoja kikombeni. Nikatia sukari, nikawasha jiko.

Nyumba ikajaa mvuke mtamu. Vioo vya saa vikaingia ukungu, mishale ikapotea. Cherehani ilikuwa inakwenda, sufuria inachemka, na mimi nikawa kama ninayeelea. Sijui nilishona sketi ngapi. Nilizinduliwa na kimya. Saa zote zilikuwa zinagonga, jiko linanguruma, lakini kulikuwa na kitu kimekosekana. Nikainua kichwa.

Chiriku hakuwa anaongea.

Alikuwa amelala juu ya vitambaa nilivyokata, amejikunja, mikono tumboni. Alikuwa ametapika kando ya kikapu cha vipande. Macho yalikuwa wazi, mboni zimepanuka, nyeusi, kubwa kuliko kawaida. Nilipofungua pazia nimwone vizuri, akafunika uso.

"Mwanga unaniuma," akasema. Kisha akasema polepole, kama anayesimulia jambo la mbali, "Mama, saa zinapumua."

Nikamnyanyua. Mwili ulikuwa umelegea. Nikamweka chini tena, nikakimbilia chumvi. Nilikoroga chumvi kwenye maji, nia yangu nimtapishe kila kitu kilichomo. Dada alikuwa analia mlangoni. Mama Majani akasikia kilio chake kupitia ukutani, akaingia bila kubisha.

"Weka hayo maji chini," akaniambia.

"Nataka atapike, mama."

"Ametapika mwenyewe, inatosha. Ukimlazimisha, matapishi yanaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Amekula nini?"

"Beri tu. Beri za siku zote."

"Nionyeshe."

Nikampa kikombe cha bati. Akamimina kile kiganja cha matunda kwenye sare nyeupe iliyokuwa juu ya meza. Yakabingirika, kila moja njia yake, kama shanga zilizokatika uzi. Yalikuwa meusi ya kung'aa. Mawili matatu yalikuwa ya kijani. Aliyatazama kwa muda mfupi sana.

"Mwanangu, hizi si beri," akasema. "Mbebe mtoto sasa hivi. Hiki kikombe nenda nacho. Dada, futa machozi unionyeshe kichaka alichochumia mdogo wako."

Nilikimbia na Chiriku mgongoni mpaka zahanati. Barabara sikuiona. Nakumbuka tu kichwa chake kikigonga bega langu, na pumzi yake shingoni mwangu, nyepesi mno.

Nesi wa zamu alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani. Akampokea, akamlaza, akamulika macho.

"Mama, mtoto kala nini?"

Nilifungua mdomo niseme beri. Maisha yangu yote nimesema beri, na sikuwahi kutazama jani la mti wake.

"Sijui," nikasema. Nikampa kikombe.

Nesi akageuza yale matunda kwa kalamu. "Nina mawazo, lakini matunda meusi madogo ni mengi. Ningepata tawi ningekuwa na uhakika."

Hatukukaa sana, Mama Majani akaingia, na Dada nyuma yake. Sketi zao zilikuwa zimelowa umande mpaka magotini. Mkononi alikuwa na tawi zima, amelifunga kwenye gazeti kama alivyozoea kazini kwake. Akalifungua mbele ya nesi. Kulikuwa na majani, miiba midogo, matunda ya kijani na meusi, na kichwa cha maua madogo sana, mengine ya njano, mengine ya waridi.

"Lantana," akasema.

"Ndiyo yenyewe," nesi akajibu. "Asante, bibi. Hapo umenisaidia nusu ya kazi." Akainama kwa Chiriku. "Mrembo wangu, ulikula za rangi gani?"

"Nyeusi," Chiriku akasema. Sauti ilikuwa ya kutoka shimoni. "Na za kijani kidogo. Zilikuja pamoja."

Nesi akanieleza huku akitafuta mshipa. "Za kijani ndizo mbaya zaidi. Zinaumiza tumbo, zinalegeza mwili, na zikizidi, hata pumzi inapungua. Watu watakwambia nyeusi zinalika. Mtoto usimpe, nyeusi wala kijani. Tutamwekea maji, tutamwangalia pumzi. Wewe kaa hapa."

Nikakaa. Nilihesabu pumzi zake kama ninavyohesabu mishono. Kila nikifika ishirini naanza upya, maana niliogopa kufika mbali. Mume wangu alikuja mbio, mkoba wa zana begani. Alikaa upande wa pili wa kitanda. Aliweka kidole kwenye mkono wa mwanawe, pale panapodunda, akawa anasikiliza, kama anavyosikiliza saa iliyoletwa ikiwa imesimama.

Tuliruhusiwa kesho yake alasiri. Chiriku alikuwa dhaifu lakini anasimama. Nesi alinishika mkono mlangoni. "Mama, umewahi kuja, na hukumtapisha. Wengine hungoja waone kama atapata nafuu."

Nilipofika nyumbani nilikuta sufuria jikoni. Dada alikuwa amezima jiko kabla ya kutoka. Jemu ilikuwa imeganda, imependeza, rangi ya divai. Mume wangu akachota kwa kijiko, akainua kwenye mwanga.

"Mama watoto, hii ni ndoo nzima ya Dada. Kikombe cha mtoto ni kidogo. Tukichuja?"

Kusema kweli, na mimi nilikuwa nawaza hivyo hivyo. Tukamwita Mama Majani.

Alitazama sufuria, akatutazama sisi. "Utachuja nini, fundi? Ilipokuwa kichakani ilikuwa na jani, ua na shina. Kila kimoja kingekwambia ukweli. Ilipokuwa kikombeni ilibaki na umbo lake tu. Sasa imechemka. Haina tena cha kukwambia."

"Ndoo nzima," mume wangu akasema.

"Ndoo nzima. Shimo, na udongo juu, kuku wasiifikie."

Akachimba shimo. Dada alisimama kando akitazama kazi yake ya asubuhi ikimwagika. Mimi nilimwomba radhi, nikamwambia kosa halikuwa lake. Alikuwa amefuata nilichomfundisha, neno kwa neno.

Baada ya wiki moja nilikwenda kwa Mama Majani na panga. "Mama, twende unionyeshe vyote. Nataka kukata tuta zima."

"Ukimaliza tuta utakata na bonde? Na njia ya shule?" akaniuliza. "Hivi vitu mwanao atakutana navyo akiwa mkubwa, wewe hupo naye. Acha panga. Mwambie fundi alete lile jicho lake."

Alimaanisha lenzi, ile ambayo mume wangu huibana jichoni anapotengeneza saa. Tukaenda sote, saa nne, ukungu ukiwa umeshainuka. Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda tuta kukiwa na mwanga. Lilikuwa mahali pengine kabisa. Nilishangaa kuona vichaka ni vya aina tatu. Miaka yote nilidhani ni kimoja.

Chiriku alibaki chini ya tuta, ameachia mkono wa baba yake. Hakutaka kupanda.

Mama Majani akasimama kwenye kichaka cha kwanza. "Tunaanza na jani, kwa sababu jani lipo kila siku na halibadiliki kwa kuiva. Hesabu hapa, Dada."

"Matano," Dada akasema.

"Unaona yanashikana wapi? Haya yote ni jani moja. Kikonyo ni kimoja, kimebeba vijani vitano, kama mkono na vidole. Wakati mwingine huwa vitatu. Pembeni vina meno kama msumeno. Sasa pitisha kidole kwenye shina, polepole."

Nikapitisha mimi. Vidole vyangu vimezoea kazi. "Lina kona."

"Ngapi?"

"Nne. Hapana, tano."

"Na miiba?"

"Mikubwa. Imepinda kama kucha ya paka."

"Hii ndiyo beri nyeusi. Vuta tunda lililoiva." Nikavuta. "Lipasue katikati. Unaona moyo mweupe ndani? Moyo wake unatoka na tunda. Na hivi vipunje vyote vimeshikana, kila kipunje na kambegu kake, lakini tunda ni moja. Chini limekalia nyota ya vijani vitano vidogo. Fundi, weka jicho lako kwenye hili ua."

Mume wangu akabana lenzi. "Majani ya ua ni matano, meupe," akasema. "Katikati kuna nyuzi nyingi sana, nyembamba kuliko springi ya saa. Kumbe hiki kitu kina mashine ndani."

Tukasogea kichaka cha pili. Matunda yake yalikuwa meusi vilevile, madogo kidogo.

"Hii nayo beri nyeusi," nikasema haraka.

"Geuza jani."

Nikageuza. Chini lilikuwa jeupe kama limepakwa chokaa. Shina lilikuwa la mviringo, na juu yake kulikuwa na unga mweupe uliobaki kidoleni mwangu. Miiba ilikuwa myembamba. Na vijani havikupangwa kama vidole. Vilikaa viwili viwili kwenye kikonyo na kimoja mbele, kama unyoya.

"Vuta tunda," Mama Majani akasema.

Likatoka jepesi, na ndani lilikuwa na shimo. Moyo wake ulibaki mtini, umesimama kama msumari mweupe. Nililitia kwenye ncha ya kidole. Likakaa sawasawa kama kastabini, kile kikofia cha chuma ninachovaa nisichomwe na sindano. Nilicheka, na nilikuwa sijacheka wiki nzima.

"Hiyo ni rasiberi," akasema. "Nyingine huiva nyekundu, nyingine njano, na hii huiva nyeusi. Wewe na weusi wako ungesema ni tunda moja, na zile nyekundu ungeziacha ziozee mtini ukidhani ni mbichi. Rangi haikutajii jina, mwanangu. Inakuja mwisho, kukwambia limeiva au bado, ukishajua ni nini."

"Na hizi fimbo ndefu zisizo na tunda?" mume wangu akauliza. "Hizi ni za wavivu?"

"Hizi ni za mwaka huu. Mwaka wa kwanza fimbo inaota majani tu. Mwaka wa pili inachanua, inazaa, kisha inakauka. Ukikata changa kwa kuona hazina kitu, mwaka ujao unakula majani."

"Kama kujifunza ufundi saa," akasema. "Mwaka wa kwanza unatazama tu na kufagia."

Kisha Mama Majani akatupeleka upande wa pili wa tuta. Kichaka cha tatu kilikuwa kizuri kuliko vyote. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli. Kilikuwa kimejaa maua.

Nikasikia hatua nyuma yangu. Chiriku alikuwa amepanda. Alisimama mbali kidogo, mikono amefunga nyuma.

Mama Majani hakugeuka. Alisema tu, taratibu, "Bibi mdogo, siku ile ulipenda nini hapa?"

"Maua," Chiriku akasema. "Kulikuwa na ukungu, halafu yakatokea. Yanafanana na vifungo vya mama vya kwenye kopo. Nikajua ni mti wa mama."

Niligeuka nikatazama mbali.

"Na mimi ningekuja," Mama Majani akamwambia. "Sasa kaa hapo hapo, uniambie. Jani hili ni moja au limegawanyika?"

"Moja."

"Zima, halina vijani. Na yamekaaje kwenye shina?"

Chiriku akanyoosha shingo. "Mawili mawili. Yanatazamana."

"Vizuri. Mama, gusa jani."

Lilikuwa gumu, la kukwaruza kama msasa. Nilipolisugua likatoa harufu kali iliyopanda mpaka puani. Shina lilikuwa na kona nne, kama penseli ya mraba. Maua hayakuwa ua moja lenye majani matano ya kujitenga. Yalikuwa vimaua vingi vidogo kama mirija, vimebanana kwenye kichwa kimoja. Na matunda, hata yakiwa yamesongamana, kila punje ilikaa peke yake, na ndani ina kokwa moja ngumu. Beri ukiivuta unapata tunda moja. Hii ukiivuta inakumwagikia mkononi.

"Lakini ina miiba," nikasema. Nilisema kama ninayejitetea.

"Ina miiba. Na waridi lina miiba, na michongoma ina miiba. Mwiba unakuambia tu kwamba mti hautaki kuguswa."

Nimeandika haya kwa ajili ya mama mwenzangu, na kwa baba, na kwa kila anayemtuma mtoto porini. Nyumbani kwetu sasa hatuchumi kwenye ukungu. Tunangoja uinuke, hata kama kazi imelala mezani. Tunda haliingii mdomoni wala ndooni mpaka jani limehesabiwa na kugeuzwa, shina limeguswa, tunda limevutwa na kutazamwa ndani. Mtoto haonji kitu kabla hajamwonyesha mtu mzima anayejua. Tukirudi, tunamwaga kila kitu kwenye kitambaa cheupe, tunachambua kabla ya kuwasha jiko. Na Mungu apishe mbali, mtoto akila asichokijua, usimtapishe. Mbebe umpeleke, na mtu mwingine akate tawi lenye jani, ua na tunda, alilete nyuma yako. Ninapopeleka sare shuleni ninawaambia wazazi getini. Wengine wananicheka, wananiita fundi majani. Wanicheke tu, ilimradi wanasikia.

Chiriku hakula tunda lolote la porini mwaka mzima. Hata jemu ya dukani aliinusa kwanza. Sikumlazimisha. Msimu uliofuata alikubali kupanda tuta nami, saa nne, jua likiwa limetoka na nyasi bado zina maji. Mvuke ulikuwa unapanda kutoka ardhini, na sisi tulitembea ndani yake kana kwamba hatukanyagi chini.

Kwenye kichaka cha kwanza nilichuma tunda moja la beri, kubwa, jeusi, nikamnyooshea. Alilitazama. Akatazama tawi nililolichumia. Tawi hilo lilikuwa limeliwa na wadudu, halikuwa na jani hata moja.

"Jani lake liko wapi?" akauliza.

"Limeliwa. Lakini ni beri, mwanangu. Tazama, moyo huu hapa ndani."

"Sijaliona jani," akasema. "Hili sili."

Ilikuwa beri. Nilijua, kwa shina lake na kwa moyo wake, na mkononi mwangu ilikuwa na joto la jua. Lakini yeye hakuwa na hakika. Nikalitupa kwenye nyasi, nikapangusa mkono kwenye sketi. Tukasogea kichaka cha pili. Hiki si kile cha rasiberi, kilikuwa kingine cha beri nyeusi. Hapo alisimama sana. Akahesabu vijani mpaka vitano, akageuza jani, akapitisha kidole kwenye kona za shina, huku umande ukimtiririkia ndani ya mkono wa sweta. Kisha akachuma tunda mwenyewe, akalipasua, akala nusu. Nusu nyingine akanitia mimi mdomoni.